Kabla Hujalipia Stendi ya Kamera

Ukiingia kwenye duka la vifaa vya picha Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ukaulizia stendi ya kamera ya kusafiria isiyo ghali, utapewa boksi jembamba lenye picha ya mlima na namba tatu kubwa: uzito kilo moja na nusu, urefu sentimita 150, inabeba kilo 8. Muuzaji ataikazia ile ya mwisho. Kamera yako pamoja na lenzi hazifiki hata kilo mbili, basi unaona hesabu imekwisha. Lakini kilo 8 hizo zinakuambia tu kwamba stendi haitavunjika wala kuteleza ikitwishwa mzigo. Mpiga picha anataka kujua jambo jingine: akibonyeza kitufe, kamera itatulia au haitatulia? Tena hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. Kila kampuni huandika kilo kwa namna inayoona inafaa. Ndiyo maana stendi mbili zenye maandishi yanayofanana zinaweza kutoa picha zisizofanana hata kidogo.

Tuanze na utulivu wenyewe. Chukua kamera yenye sensa ya upana wa milimita 36 na pikseli milioni 24. Upande mrefu wa picha una pikseli 6,000, kwa hiyo kila pikseli ina upana wa mikromita 6, yaani sehemu sita kati ya elfu moja za milimita. Funga lenzi ya milimita 200, ile ya kuvuta vitu vya mbali. Ili taswira ihame pikseli moja, inatosha kamera na lenzi zigeuke kidogo mno: katika kila sentimita 10 za urefu wake, ncha moja ikisogea mikromita 3 tu kuliko nyingine, ukali wa picha umeanza kupotea. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Tunazungumzia basi mtikisiko ambao jicho haliwezi kuuona wala kidole kuuhisi.

Sasa toa lenzi hiyo uweke ya milimita 24, inayoonyesha mtaa mzima au pwani yote. Mgeuko unaovumilika unakuwa mkubwa zaidi ya mara nane. Stendi ni ileile, kamera ni ileile, na picha ambayo dakika chache nyuma ilitoka na ukungu sasa inatoka kali. Mabishano mengi kuhusu kama stendi fulani ya bei nafuu inafaa au haifai hayaishi kwa sababu mmoja anapiga picha za mandhari na mwenzake anapiga ndege mtini, na kila mmoja anasema kweli.

Wahandisi hutenganisha mambo mawili ambayo dukani huchanganywa. Nguvu ya kitu ni mzigo kinachoweza kuhimili kabla ya kuvunjika. Ukakamavu ni jinsi kinavyokataa kupinda. Mshipi na fimbo ya mvuvi wa kolekole vina nguvu ya kumtoa samaki mkubwa majini, lakini fimbo ile hupinda mpaka ikawa upinde, na inapaswa kupinda. Stendi ya kamera inatakiwa kuwa kinyume chake: mzigo wake ni mdogo, ila haina ruhusa ya kupinda.

Maarifa ya kupinda yana umri wa karibu karne nne. Galileo, katika kitabu kilichochapwa Leiden mwaka 1638 huku mwenyewe akiwa kizuizini nyumbani kwake Arcetri, alieleza kwa nini mifupa ya ndege na matete vina uwazi ndani: kitu chenye uwazi hukataa kupinda na kuvunjika kuliko kijiti kisicho na uwazi chenye uzito uleule. Mwaka 1678 Robert Hooke akachapisha kanuni yake kwamba kiasi cha kuvutika kwa kitu hulingana na nguvu inayokivuta. Karne iliyofuata Leonhard Euler na Daniel Bernoulli wakaweka hesabu za boriti inavyopinda, hesabu ambazo bado zinatumika kujengea madaraja. Na hesabu hizo ndizo zinazotawala mguu wa stendi yako.

Zinasema hivi. Kwa bomba jembamba la ukuta wenye unene uleule, ukakamavu hufuata kipenyo kwa kipeo cha tatu: ukipunguza kipenyo nusu, ukakamavu unashuka hadi sehemu moja ya nane. Tazama mguu wa stendi ndogo ya kusafiria. Juu una kipenyo cha milimita 24 hivi. Kwa kuwa una vipande vinne au vitano vinavyoingiana ili ukunjwe uingie begini, kipande cha chini kabisa kinabaki na milimita 12 au pungufu. Kipande hicho cha mwisho, kinachoonekana kama nyongeza tu ya urefu, ni dhaifu mara nane kuliko cha juu. Ndicho kinachogusa ardhi, na ndicho kinachopinda.

Urefu nao unaadhibu kwa kiwango hichohicho. Boriti iliyoshikwa upande mmoja na kusukumwa ncha ya pili hupinda kufuata urefu wake kwa kipeo cha tatu. Nguzo ya katikati, ile inayopandishwa ili kamera ifike usawa wa macho, ni boriti ya namna hiyo hasa. Ukiipandisha sentimita 10, sawa. Ukiipandisha sentimita 30, nguvu ileile inaisogeza ncha yake mara 27 zaidi. Kwa hiyo zile sentimita 150 kwenye boksi ni kweli, ila mara nyingi zimepatikana kwa kuchomoa vipande vyembamba vyote na kuinua nguzo mpaka mwisho, na hapo stendi imepoteza karibu kila kitu ilichonunuliwa kwa ajili yake. Mimi huisoma namba hiyo kwa kuondoa nguzo na kipande cha mwisho cha mguu. Kimo kinachobaki ndicho kimo halisi cha stendi. Kama kinakufikia kifuani, umepata stendi nzuri.

Kuhusu idadi ya miguu, hesabu ni fupi: nukta tatu daima hukaa kwenye bapa moja, kwa hiyo miguu mitatu haiyumbi hata juu ya mawe, ilhali wa nne huhitaji sakafu iliyosawazishwa. Kwenye mteremko, elekeza miguu miwili upande wa chini.

Kupinda ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mtetemo. Kila kitu chenye uzito na ukakamavu kikiguswa hutetema kwa mwendo wake maalumu, na mwendo huo hufifia taratibu. Stendi kakamavu hutetema haraka na kwa upana mdogo. Stendi legevu hupepea polepole na kwa upana mkubwa. Kuna stendi hunyamaza kabla ya nusu sekunde, na kuna nyingine huchukua sekunde kadhaa baada ya kidole kuondoka kitufeni.

Muda wa mtetemo ukishaulinganisha na muda ambao shata iko wazi, mengi yanaeleweka. Mchana wa jua, shata hufunguka 1/1000 ya sekunde na hakuna mtetemo wa stendi unaowahi kuharibu chochote. Usiku wa nyota, shata hukaa wazi sekunde 20; mtetemo wa sekunde moja mwanzoni unachukua sehemu moja ya ishirini ya mwanga, nao hauonekani. Hatari iko katikati, takriban kati ya 1/60 na sekunde moja, na huo ndio muda wa magharibi Forodhani taa zinapoanza kuwaka, ndani ya msikiti wa kale wenye mwanga hafifu, au alfajiri kabla jua halijaugusa Mlima Kilimanjaro. Saa ambazo picha ni nzuri kuliko zote ndizo ambazo stendi mbovu hujulikana. Dawa yake haina gharama: weka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde chache. Wengi huchagua sekunde 2. Kwa stendi nyepesi chagua 10, kwa sababu sekunde 2 zinaweza kwisha mtetemo wa kidole chako ukiwa bado haujazimika. Kama kamera yako ni ya kioo kinachoruka, washa hali ya kuinua kioo kwanza, na kama lenzi ina kizuia mtikisiko, izime inapokuwa juu ya stendi, isipokuwa maelekezo yake yanasema inajitambua yenyewe.

Sasa kaboni, maana muuzaji ataitaja. Mwaka 1958 Roger Bacon, mwanafizikia wa kampuni ya Union Carbide huko Parma, jimbo la Ohio, alipata nyuzi za kaboni zenye nguvu na ukakamavu wa ajabu akiwa anachunguza jambo jingine. Miaka michache baadaye Akio Shindo wa Osaka akaonyesha njia ya kuzitengeneza kutokana na uzi wa plastiki, na maabara ya Farnborough, Uingereza, ikaendeleza. Nyuzi hizo zikigandishwa kwa gundi ngumu hutoa bomba lenye uzito wa gramu 1.6 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, na alumini ni 2.7. Ni maendeleo ya kweli. Lakini katika stendi ndogo, kichwa, bega (pale miguu inapokutana) na vifungio hubaki kuwa vya metali, hivyo unachookoa ni gramu mia mbili au tatu, kwa bei inayoweza kuwa maradufu. Isitoshe, kaboni yenye bomba jembamba bado inafuata sheria ya kipenyo. Kati ya stendi ya alumini yenye miguu minene na ya kaboni yenye miguu kama penseli, kwa fedha ileile, chukua ya alumini bila kusita.

Alumini yenyewe ina siri nzuri. Chuma cha pua ni kakamavu karibu mara tatu ya alumini, lakini pia ni kizito karibu mara tatu, kwa hiyo kwa kilo moja vinalingana. Tofauti ni kwamba kilo moja ya alumini inatengeneza bomba pana zaidi, na tumeona upana unafanya nini. Na mbao zisidharauliwe: wapima ardhi wengi hadi leo husimamisha vyombo vyao juu ya stendi za mbao, kwa sababu mbao huzima mtetemo haraka na hazitanuki sana kwa joto. Ni nzito tu kwa msafiri.

Pwani kuna adui wa ziada, upepo. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma kamera huwa mara nne. Pale Paje, kusi likivuma Juni hadi Septemba, stendi ya kilo moja na nusu haina ubavu peke yake. Ning'iniza begi kwenye ndoana iliyo chini ya nguzo, kwa kamba ndefu ya kutosha ili begi liguse mchanga. Likining'inia hewani litabembea na kuongeza mtikisiko badala ya kuutuliza. Vua mkanda wa kamera, maana nao hupigwapigwa na upepo. Na ukitoka ufukweni, fungua miguu yote uisuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi na mchanga vikikaa ndani ya vifungio, vitakula kwanza uzi wa skrubu, kisha alumini.

Basi ukiwa dukani, usiulize kilo. Chomoa miguu yote, funga, kandamiza bega kwa viganja viwili, kisha jaribu kulizungusha kama unayefungua mtungi. Ikilegea mahali, mara nyingi ni kwenye maungio ya bega. Funga kamera yako yenye lenzi ndefu kuliko zote ulizo nazo. Skrubu ya robo inchi ni moja karibu duniani kote, hivyo hakuna kisingizio. Lenga bango la ng'ambo ya barabara, kuza taswira kwenye kioo, gonga mguu wa stendi kwa kidole na utazame herufi zinachukua muda gani kutulia. Kaza kichwa cha gololi uone kama lenzi inainama taratibu baada ya kuachiliwa. Ikiinama dukani, itainama zaidi mwakani.

Ukitaka namba, simu yako inatosha. Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani kinatoa bure programu iitwayo phyphox, inayosoma kihisi cha mchapuko kilichomo ndani ya simu, kilekile kinachogeuza kioo unapoilaza. Funga simu juu ya stendi, washa kipimo, gonga mguu mara moja, na utaona wimbi likichorwa na kufifia. Fanya hivyo kwa stendi mbili, simu ileile, kimo kilekile. Yenye mawimbi yaliyobanana zaidi ni kakamavu zaidi. Yenye wimbi linalokufa mapema hutulia upesi. Zamani kipimo cha namna hii kilihitaji maabara.

Hukumu yangu kwa stendi nyepesi ya bei nafuu ni hii. Kwa lenzi pana, kwa simu, kwa picha za familia, mandhari na nyota, ile yenye miguu minene na vipande vinne badala ya vitano inatosha na usione haya kuibeba. Simu zenyewe sasa zinaihitaji: tangu Pixel 4 ya mwaka 2019, simu za Google zikitulia kabisa hukusanya mwanga wa nyota hadi dakika 4, jambo lisilowezekana mkononi. Kwa lenzi ya milimita 200 kwenda juu, hasa kwa anayeishi kwa kazi ya kupiga picha za ndege na wanyama, stendi ya kilo moja na nusu haitoshi, hata boksi likiandika kilo 20. Huyo aongeze fedha au anunue ya mitumba iliyo nzito, aijaribu kwa kidole na bango la ng'ambo, ndipo alipe.