Tunda Bila Maji Yake

Siku ya kwanza nilipojaribu kuoka makaroni za pasheni nilikamua matunda matatu, nikachuja mbegu, nikamimina juisi moja kwa moja kwenye povu la mayai. Povu lilikuwa limesimama vizuri: jeupe, zito, linang'aa, ukiligeuza bakuli juu chini halidondoki. Dakika chache baadaye lilikuwa limelegea, na chini ya bakuli yametuama maji ya manjano. Shangazi, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, alichungulia akasema, "Mwanangu, povu lako linalia."

Aliona sawa. Povu la yai hulia likizidiwa na maji, na tunda karibu lote ni maji: embe bivu lina maji kiasi cha asilimia 83 ya uzito wake, nanasi asilimia 86 hivi. Makaroni nayo ni kitu kinachotengenezwa, hatua kwa hatua, ili maji yatoke. Anayetaka makaroni yenye ladha ya tunda anataka vitu viwili vinavyokataana, na ufundi wote uko katika kuvipatanisha.

Nieleze kwanza ni kitu gani. Makaroni ni maganda mawili ya mviringo, kila moja lina upana wa sentimita 4 hivi, yaliyookwa kwa unga wa lozi, sukari na ute wa yai, kisha yakabandikwa pamoja kwa krimu au jamu. Ukiuma, sehemu ya juu hupasuka kwa wepesi, halafu meno hukutana na kitu laini, chenye kunata kidogo. Pembeni mwa kila ganda kuna ukingo wenye vitundu vidogo kama sifongo. Wafaransa huuita mguu. Ndani hamna unga wa ngano hata chembe, hamna hamira ya aina yoyote. Kinachoinua ni hewa na mvuke tu.

Jina lina undugu na yale makaroni tunayochemsha na kula kwa mchuzi. Yote mawili yanarudi kwenye neno moja la Kiitaliano; moja likaenda kwenye tambi, jingine likavuka kwenda Ufaransa likawa macaron, kitafunio cha lozi. Tamutamu za lozi na sukari zenyewe ni za kale kuliko hapo. Vitabu vya mapishi vya Baghdad tangu karne ya 10 vinaitaja lauzinaj, na ndani ya jina hilo mmo neno lauzi la Kiarabu, ambalo sisi tumelipokea tukalitamka lozi. Huko Nancy, mashariki mwa Ufaransa, watawa wawili waliotolewa kwenye nyumba yao mwaka 1792, wakati wa Mapinduzi, walijipatia riziki kwa kuoka makaroni, na hadi leo kuna mtaa mjini humo wenye jina la Masista wa Makaroni. Zao zilikuwa bapa, zenye nyufa juu, zikiliwa moja moja. Hii ya maganda mawili yenye kitu katikati ni ya Paris na ni ya karne ya 20. Duka la Ladurée, lililoanzishwa mwaka 1862, husimulia kwamba ni Pierre Desfontaines wa ukoo wao aliyeyabandika maganda mawili kwa krimu ya chokoleti.

Sasa turudi kwenye bakuli, maana kazi ngumu iko huko.

Ute wa yai ni maji kwa kiasi cha sehemu tisa katika kumi. Sehemu iliyobaki karibu yote ni protini, na kila protini imejikunja kama kidonge cha uzi. Unapopiga ute unavifumua vidonge hivyo. Kila uzi una sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazoyakimbia, kwa hiyo ukishafumuka hujilaza pale maji yanapokutana na hewa, upande mmoja majini na mwingine hewani. Nyuzi jirani hushikana, na kila kiputo cha hewa hupata wavu wa kukizunguka. Ndivyo ute unavyoweza kufura hadi mara nane ya ujazo wake wa mwanzo. Tone la kiini likiponyoka likaingia humo, mafuta yake hugombea nafasi ile ile kati ya maji na hewa na wavu haufungi. Ndiyo sababu bakuli hupanguswa kwa kipande cha ndimu kabla ya kuanza: mafuta yaliyobaki huondoka, na asidi kidogo ya ndimu huzuia nyuzi za protini zisikazane kupita kiasi.

Sukari huja baadaye, kidogo kidogo, povu likishaanza kuwa jeupe. Yenyewe hailiinui povu. Inachofanya ni kuyakamata maji yaliyo kati ya viputo na kuyafanya mazito kama sharubati, yasitiririke upesi kwenda chini. Juisi yangu ya pasheni ilifanya kinyume chake kabisa: iliyafanya maji hayo mepesi, yakapata njia.

Kwa ute wa mayai matatu, ambao ni gramu 100 hivi, mimi hutumia gramu 90 za sukari laini ya kupiga pamoja na povu, kisha gramu 130 za sukari ya unga na gramu 130 za unga wa lozi zilizochekechwa pamoja mara mbili. Ukijumlisha, karibu nusu ya uzito wa bakuli ni sukari. Wengi wanaopunguza sukari kwa nia njema hushangaa maganda yakipasuka. Hapa sukari ni nguzo. Utamu unadhibitiwa kwa kujaza kitu kichachu katikati, na kwa kazi hiyo hakuna kinachoyashinda matunda.

Lozi nazo ni ghali. Anayeishi karibu na korosho za Mtwara na Lindi asione haya kuzitumia. Korosho mbichi isiyokaangwa, ikisagwa, hutoa ganda zuri lenye ladha ya maziwa kwa mbali. Ila zisagwe pamoja na ile sukari ya unga, kwa mipigo mifupi ya mashine, maana korosho na lozi zina mafuta mengi na mashine ikipata joto utapata siagi ya korosho badala ya unga. Sukari huyanywa mafuta yanayotoka. Kungu usilichanganye na lozi: ni tunda jingine. Linafanana na lozi kwa umbo la kokwa, lakini mti wake si jamaa wa mlozi.

Kisha inakuja hatua ambayo mtu huambiwa abomoe alichojenga. Unga huingizwa kwenye povu kwa mwiko wa mpira, ukikunja kutoka chini kwenda juu na kuusukuma mchanganyiko kwenye ukuta wa bakuli ili sehemu ya hewa itoke. Ukiacha mapema, maganda yatakuwa na vichwa vilivyochongoka. Ukizidisha, yatatandaa kama chapati za maji. Kipimo ninachokiamini ni hiki: inua mwiko, acha rojo lidondoke, utazame mstari wake. Ukizama wenyewe ndani ya nusu dakika hivi, acha hapo hapo. Mkono hujifunza jambo hili polepole, na sijaona maandishi yanayoweza kulifundisha badala yake.

Mguu ule wa pembeni hauji kwa bahati. Rojo likishabonyezwa kwenye karatasi ya kuokea, trei hugongwa mezani ili viputo vikubwa vipasuke, halafu huachwa wazi hadi juu kuote ngozi, ukigusa kwa kidole hakinati. Ndani ya oveni ya digrii 150, hewa hutanuka na maji hugeuka mvuke. Juu pamefungwa na ngozi, njia pekee iliyobaki ni chini pembezoni, na rojo linaposukumwa nje huku ganda likiinuka ndipo mguu unapotokea. Pasipo ngozi, mvuke hujichimbia mlango juu na ganda hupasuka. Baada ya dakika kama 15 protini zimeshikamana, maji yamepungua, na ganda hubanduka bila kuacha nyama yake kwenye karatasi.

Nusu saa hadi saa moja ya kusubiri ngozi ndiyo iliyoandikwa na watu wa Paris. Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, masika yakipamba moto, unaweza kusubiri saa mbili na bado kidole kikanata, kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji na sukari huyavuta. Mimi hufunga madirisha nikaelekeza feni kwenye trei. Wengine hupasha oveni kidogo, wakaizima, wakaziweka trei humo mlango ukiwa wazi. Na ipo njia ya Kiitaliano: sukari huchemshwa na maji hadi digrii 118, kisha sharubati hiyo ya moto humiminwa kwenye povu linalopigwa. Joto lake huzipika protini nusu nusu, na povu hilo huvumilia hewa ya pwani kuliko lile la kawaida. Ni kazi zaidi na linahitaji kipimajoto, lakini miezi ya mvua sioki kwa njia nyingine.

Sasa matunda. Kosa la juisi nimekwisha kulisimulia. Lipo na la rangi, ambalo kwangu ndilo linalopendeza zaidi kulielewa. Juisi ya zambarau au ya choya ina rangi iitwayo antosianini, ambayo ni nyekundu penye asidi na hugeuka kuwa ya bluu penye besi. Ute wa yai ni miongoni mwa vyakula vichache vyenye tabia ya besi, na kadiri yai linavyokaa ndivyo hewa ya ukaa inavyotoka kwenye vitundu vya ganda lake na besi kuzidi. pH yake huanza karibu na 7.6 na kupanda kupita 9. Ukitia zambarau humo ukitarajia waridi, utapata kijivu chenye bluu, rangi ya maji yaliyofulia jinzi. Tunda halikuharibika wala mayai hayakuoza. Zambarau ile ile ikitiwa katikati, ndani ya jamu yenye ndimu, hubaki nyekundu iliyokolea. Embe halina shida hii, kwa kuwa umanjano wake ni wa karotinoidi, jamaa za ile rangi ya karoti, na hizo hazijali asidi wala besi.

Kwa hiyo ganda huachwa liwe la lozi, na tunda hukaa katikati, likiwa limepunguziwa maji. Pasheni mimi huipika na vile viini vitatu vilivyobaki, sukari na siagi, kwa moto mdogo, hadi mwiko uache njia kwenye sufuria. Hakuna kinachotupwa. Pierre Hermé, mwokaji wa Paris, ana makaroni maarufu iitwayo Mogador, ambamo pasheni imewekwa pamoja na chokoleti ya maziwa, na ukionja uchachu ule ukipita kati ya mafuta ya kakao utaelewa kwa nini.

Embe huwa jamu. Jamu huganda pale pektini ya tunda inapokutana na asidi ya kutosha na sukari inayofika karibu asilimia 65, na pwani dalili yake ni sufuria kuchemka kwa digrii 104 au 105. Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye digrii 94 badala ya 100, kwa hiyo jamu huiva ikiwa kwenye 98 au 99. Anayesubiri 105 huko atapata peremende.

Nanasi nalo lina kimeng'enya kinachokata protini, ndicho kinachowasha ulimi. Likitiwa bichi kwenye krimu ya jelatini, krimu haitaganda hata ikilala wiki nzima kwenye friji. Lichemshwe kwanza, kimeng'enya kife.

Halafu kuna ubuyu. Huko Ulaya na Marekani waokaji hununua kwa bei kubwa matunda yaliyogandishwa na kunyonywa maji kwa mashine, ili wapate unga mkavu wenye ladha kamili. Je, wajua kwamba mbuyu hufanya kazi hiyo wenyewe? Nyama ya tunda lake hukaukia ndani ya kifuu likiwa bado linaning'inia mtini, na inapopasuliwa ni kavu tayari. Umoja wa Ulaya uliuruhusu unga huo kuuzwa kama chakula mwaka 2008. Watoto wa kwetu walikuwa wameshamumunya ubuyu vizazi na vizazi. Una asidi, una pektini, na maji yake ni machache sana. Hutwangwa taratibu kokwa zibaki nzima, ukachekechwa kwenye kitambaa chepesi. Kijiko kimoja kwenye krimu ya siagi huleta ukali unaoukata utamu wa ganda bila kulilegeza. Kijiko kimoja kwenye jamu ya embe huifanya igande mapema, kabla harufu ya embe haijapotea kwa kuchemshwa. Hata ndani ya ganda, robo kijiko cha chai ikichekechwa pamoja na lozi haililizi povu. Ni ubuyu mweupe ninaousema, si ule wa rangi na pilipili.

Makaroni zikishajazwa haziliwi siku hiyo. Ganda lililotoka motoni ni kavu mno, hugawanyika vipande mdomoni huku jamu ikiteleza upande wake. Huwekwa kwenye chombo chenye kifuniko, ndani ya friji, kwa saa 24. Humo maji niliyoyafukuza kwa povu, kwa sukari, kwa feni na kwa moto huanza kurudi, safari hii yakitoka kwenye embe na pasheni, chembe kwa chembe, yakipanda kutoka katikati hadi chini ya ngozi ya ganda na kuja na harufu ya tunda. Kesho yake hutolewa nusu saa kabla ya kuliwa ili siagi ilegee. Shangazi huchukua ya ubuyu, huibonyeza kidogo kwa kidole gumba kuona kama imekuwa laini, kisha huila kwa mikato miwili.