Kusita Pumzi Usingizini: Jina la Maradhi na Njia ya Tiba

Miongoni mwa maradhi ambayo hayajapata jina lililotulia katika Kiswahili ni yale ambayo vitabu vya utabibu huyaita apnea ya usingizi. Neno hilo lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kutokuwa na pumzi. Makala haya yanakusudia kueleza maradhi yenyewe, kisha kuyapima majina yanayoelekea kutumiwa. Kwani jina la ugonjwa mara nyingi ndilo linaloamua mgonjwa apelekwe wapi.

Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu ulimi na nyama laini za koo hurudi nyuma zikaziba njia ya hewa. Pumzi husita kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, naye huvuta pumzi kwa kishindo na kulala tena. Hali hii ikitokea mara 30 au zaidi kwa saa, maradhi huhesabiwa kuwa makali. Asubuhi mgonjwa hakumbuki lolote. Huamka na kinywa kikavu na kichwa kinachouma. Mchana husinzia kazini, hata akiwa anaendesha gari. Na aghalabu shinikizo lake la damu huwa juu. Unene, hasa wa shingo, huongeza hatari, na pombe kadhalika. Kwa watoto chanzo cha kawaida ni kukua mno kwa tonsili na tezi za nyuma ya pua. Iko pia aina nyingine, isiyotokea sana, ambayo koo hubaki wazi lakini ubongo hautoi amri ya kupumua.

Yafaa ieleweke, basi, kwamba shahidi wa maradhi haya si mgonjwa, bali ni yule aliyelala karibu naye. Tuchukue mfano wa Idete, kijiji cha bonde la mto Kilombero, ambako Wandamba, Wapogoro, Wabena na wengineo hukutana katika Kiswahili. Msimu wa mpunga jamaa nyingi za bondeni huhamia vibanda vya shambani. Mke aliyelala na mumewe ndani ya chandarua kimoja husikia yote. Mganga wa zahanati akimwuliza, “Mama, je, mzee ana apnea?” hatakuwa na la kujibu. Lakini akimwuliza, “Mama, mzee akikoroma, je, hunyamaza ghafula, kisha akagutuka kama aliyeibuka majini?” atajibu mara moja. Jibu hilo ndilo mwanzo wa tiba.

Sasa tuyapime majina:

(a) Ugonjwa wa usingizi. Jina hili limekwisha kuchukuliwa na malale, ambayo huenezwa na mbung'o. Profesa Rudolf Geigy wa Basel, aliyeanzisha maabara Ifakara mwaka 1957, alichunguza, pamoja na mengine, papasi na mbung'o. Kwa kuwa mgonjwa wa malale naye husinzia mchana, kuyapa maradhi mawili jina moja ni kumpoteza mganga na mgonjwa pia.

(b) Kukoroma. Hii ni dalili tu. Wengi hukoroma bila kusita pumzi. Tena kukoroma huchekwa, na jambo linalochekwa halipelekwi zahanati.

(c) Kukosa pumzi. Maneno haya hutumika kwa pumu na kwa maradhi ya moyo, wala hayataji usingizi.

(d) Kukata pumzi. Yanakaribia mno kukata roho. Mke hatapenda kuyatamka juu ya mumewe aliye hai.

(e) Ugonjwa wa koo. Hapa pana hatari kubwa kuliko zote. Nchini mwetu wako wanaowapeleka watoto wenye kikohozi kukatwa kimeo kwa wembe, jambo linaloweza kuleta damu nyingi, pepopunda na hata kifo. Mzazi akiambiwa tu kwamba mwanawe anakoroma kwa sababu ya koo, njia ya kwa mkata kimeo iko karibu.

Kwa sababu hizo tunapendekeza kusita pumzi usingizini. Kitenzi kusita kina maana ya kusimama kwa muda na kuendelea tena, nayo ndiyo tabia yenyewe ya maradhi haya. Aina mbili zaweza kutofautishwa hivi: kusita kwa kuzibwa koo, na kusita kwa amri ya ubongo.

Istilahi za tiba nazo zifuate njia hiyo hiyo ya uwazi. Kipimo cha usiku kucha ni kule kuandika pumzi, oksijeni na mapigo ya moyo wakati mgonjwa amelala. Mashine ya msukumo wa hewa, iliyoelezwa mwaka 1981 na daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, hupuliza hewa puani kwa mfululizo ili koo lisizibe. Mengine hayahitaji istilahi: kupunguza uzito, kulala ubavu, kuacha pombe na kutotumia dawa za usingizi bila idhini ya daktari. Kwa watoto, mfasiri aandike wazi: upasuaji wa kuondoa tonsili, ufanywao hospitalini na daktari, na aongeze: si kukata kimeo.

Mashine na kipimo hicho haviko katika kila wilaya. Lakini swali la mganga halina gharama, ila lazima liulizwe kwa maneno ambayo mama wa Idete anaweza kuyajibu.