MUNGU ANAPOSEMA NA KIONGOZI

Leo tuna swali moja: mtu akisimama mbele yetu na kusema, "Mungu amesema nami," tutajuaje kama ni kweli?

Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kule Kilifi. Wengi walikufa kwa njaa, wakidhani wanakwenda kumlaki Bwana. Huku kwetu tulisema hayo ni mambo ya pwani. Kisha Aprili 2025 polisi waliwatoa watu zaidi ya 50 katika boma moja la ibada huko Opapo, karibu na Rongo, hapa hapa Migori. Ya mahakama tuiachie mahakama. Sisi tufungue Neno.

Katika Hesabu 12 Mungu anaeleza kwamba nabii hujulishwa kwa maono na kwa ndoto, bali Musa alisemeshwa waziwazi. Njia ni nyingi. Lakini tazameni jinsi walioitwa walivyoipokea sauti hiyo.

Katika 1 Samweli 3 kijana Samweli aliitwa usiku. Hakutoka mbio kutangaza kwamba yeye ni nabii. Alimkimbilia mzee Eli, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Eli macho yake yalikuwa yamefifia, na nyumba yake ilikuwa na aibu. Hata hivyo ni yeye aliyetambua kwamba anayeita ni Bwana. Mteule wa Mungu alihitaji sikio la mzee.

Na ujumbe wenyewe haukumletea Samweli faida yoyote. Ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya yule aliyemlea, naye aliogopa kuusema. Alipozeeka, katika sura ya 12, alisimama mbele ya watu wote akawauliza ametwaa ng'ombe wa nani, au punda wa nani. Hakuna aliyemshtaki.

Tena mkumbukeni mfalme Yosia, katika 2 Wafalme 22. Kitabu cha Torati kilipoonekana hekaluni, alirarua mavazi yake. Alikuwa mfalme, na mcha Mungu, lakini hakusema, "Mimi natosha." Aliwatuma kuhani na wenzake kwa Hulda, nabii mwanamke, wakamwulize Bwana. Hulda hakumficha neno lililo chungu.

Basi, ndugu yangu, aliyesikia kweli hachukii kuulizwa. Kumbukumbu la Torati 13 inasema hata ishara ikitimia, mwenye kuitoa akiwavuta watu waiache njia ya Bwana, asisikilizwe. Wewe mvuvi wa Mbita, ukiambiwa uuze mashua na kuleta fedha zote kwa mtumishi. Wewe mama wa Ndhiwa, ukiambiwa utupe dawa ulizopewa hospitali. Wewe kijana wa Rongo, ukiambiwa uwakimbie wazazi na usimwambie mtu: simama kwanza. Nenda kwa wazee wa kanisa. Fungua Maandiko pamoja nao. Sauti ya Mungu haipotei kwa kupimwa. Samweli alikwenda kwa Eli mara tatu, na Bwana akamwita tena.

Tuombe. Ee Bwana, utupe masikio ya Samweli, na wazee wa kutusaidia kusikia. Uwalinde walio wako wasipotezwe. Katika jina la Yesu. Amina.