"Mionzi" na "Mwanga": Istilahi za Tiba Mpya ya Saratani

Katika kliniki za Kilimani, Nairobi, na katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iliyo jirani, neno "mionzi" likitajwa mbele ya mgonjwa wa saratani, yeye huelewa jambo moja tu: mashine kubwa na "kuchomwa", kama wasemavyo wengi. Ufahamu huo una msingi, kwani kwa miaka mingi Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali ya umma pekee nchini yenye tiba hiyo. Tatizo huzuka neno hilohilo linapotumiwa kuelezea tiba ya mwanga.

Tiba hii ni jambo jingine kabisa. Mgonjwa hupewa dawa ambayo gizani hutulia. Ikimulikwa kwa mwanga mwekundu, huipa oksijeni iliyo karibu nayo nishati, na oksijeni hiyo hugeuka kali ikaua seli. Kasoro ni kwamba dawa husambaa mwilini kote. Atibiwaye kwa Photofrin hulazimika kuepuka jua kwa siku zisizopungua 30, la sivyo ngozi huungua. Je, aliyeambiwa amepewa "mionzi" atajuaje kwamba hatari inamngoja nje, katika jua la adhuhuri la barabara ya Argwings Kodhek, wala si katika chumba alichotoka?

Chembe za sumaku zinakusudiwa kupunguza hatari hiyo. Vipunje vya oksaidi ya chuma, vyenye upana wa nanomita 10 hivi (unywele una takriban 80,000), hubebeshwa dawa, kisha sumaku iliyo nje ya mwili huvivuta hadi kwenye uvimbe. Tebello Nyokong wa Lesotho, aliyetunukiwa tuzo ya L'Oréal-UNESCO mwaka 2009, amechunguza katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, jinsi ya kuunganisha vipunje hivyo na rangi ziitwazo thalosianini. Huu ungali utafiti: nguvu ya sumaku hufifia upesi kadiri uvimbe ulivyo ndani, na mwanga wenyewe haupenyi mbali zaidi ya sentimita moja hivi.

Mwanafizikia atateta kwamba mwanga nao ni mionzi. Ni kweli, lakini mgonjwa hasomi fizikia. Yafaa "mionzi" ibakie kwa tiba ya mashine, na hii iitwe "tibamwanga", ili agizo la kujifunika na kukaa kivulini lieleweke tangu jina lenyewe linapotamkwa.