Jiwe na Majina Yake: Dokezo juu ya Istilahi za Ujenzi

Neno "jiwe" ni la kawaida mno hata huonekana halihitaji fasiri. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kuwa mafundi wa pwani walitenga mawe kwa asili yao, na kwamba kuupuuza utengano wa namna hiyo leo ni hasara isiyokoma katika lugha.

Katika nyumba za kale za Lamu na magofu ya Gede mna mawe ya namna mbili, yote yakiwa na asili ya matumbawe. La kwanza ni jiwe la mwamba wa kale, lichimbwalo nchi kavu. Hilo ni gumu, halichongeki kwa wepesi, na kwa hiyo hujengewa kuta nene. La pili ni tumbawe likatwalo baharini lingali bichi. Hilo huwa laini lingali na unyevu, likachongwa miimo ya milango na mapambo ya vibla, kisha hukauka likawa gumu.

Yaliyounga mawe hayo nayo yalitoka katika mawe. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo yakachomwa. Joto likifikia kiasi cha digrii 900 za Selsiasi, hewa ya ukaa hutoka, ikabaki chokaa kali ambayo hutiwa maji. Ikisha kupakwa ukutani, chokaa huivuta tena hewa ile polepole na kurejea hali ya jiwe. Jiwe la kutengenezwa, basi, si geni kwetu. Hata "saruji" tuitumiayo kwa maana ya simenti ina mwenziwe huko Omani, ambako ni jina la lipu ya kale izuiayo maji katika mifereji.

Tuje kwenye meza za jikoni za leo. Katika mazungumzo ya kila siku, karibu kila kitu king'aacho huitwa "marumaru", hata vigae vya sakafu. Lakini marumaru hasa ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo ardhini. Itale ni jiwe la moto lenye kwatsi, yaani madini magumu yaliyo mengi mchangani. Lile la kiwandani ni kwatsi iliyosagwa, mara nyingi zaidi ya asilimia 90, ikagandishwa kwa gundi ya kikemikali.

Tofauti hiyo ni ya uhai na mauti. Vumbi jembamba la kwatsi huyatia mapafu makovu yasiyopona. Maradhi hayo huitwa silikosisi. Kwa sababu hiyo Australia ilipiga marufuku utengenezaji, uuzaji na ufungaji wa mawe hayo ya kiwandani kuanzia tarehe 1 Julai 1, 2024. Fundi aambiwaye kuwa anakata "marumaru" hana sababu ya kumwagia msumeno maji wala kujifunika pua ipasavyo.

Twapendekeza, basi, "marumaru" na "itale" yabakie kwa mawe ya asili, na lile la kiwandani liitwe "jiwe la kwatsi". Jina hilo halina madaha, lakini humwambia akataye kile anachokivuta puani.