Nundu Mahali Palipovunjika Mfupa: Lini ni Kupona, Lini ni Hatari?

Baada ya hogo kuondolewa, wagonjwa wengi hukuta nundu ngumu mahali mfupa ulipovunjika. Jambo hili linatuhusu, kwa sababu wapo wauzaji wa mafuta na vidonge wanaodai kuwa bidhaa zao huiyeyusha.

Kwa kawaida nundu hiyo ni sehemu ya kupona. Mfupa unapovunjika, damu huganda penye ufa. Katika wiki chache zinazofuata hujitokeza tishu laini inayofanana na gegedu, ambayo baadaye hugeuka kuwa mfupa mchanga unaozifunga ncha mbili pamoja. Penye mifupa iliyo karibu na ngozi, kama mtulinga na muundi, nundu huonekana kwa macho. Mwili huichonga taratibu kwa miezi, hata miaka. Kwa watoto kazi hiyo hukamilika vizuri zaidi kuliko kwa watu wazima.

Kwa nini basi nundu nyingine huwa kubwa kupita kiasi? Sababu kuu ni mfupa kutotulia. Mfupa uliokazwa kwa bamba la chuma na skrubu huunga kwa nundu ndogo au bila nundu. Ncha zinapoendelea kucheza, mwili huongeza mfupa mpya pande zote ili kuzishikilia, na huenda usifaulu. Katika picha ya eksirei ncha huonekana zimetanuka, huku ufa ukibaki katikati. Hapo tiba ni kuutuliza mfupa, si kuipunguza nundu. Nundu kubwa huweza pia kutokea kwa aliyeumia kichwa wakati huohuo, na kwa wachache waliozaliwa na maradhi ya mifupa mepesi kuvunjika.

Kwa hiyo tunamshauri mtumiaji yafuatayo:

1. Usinunue dawa inayodaiwa kuyeyusha nundu ya mfupa. Hakuna dawa ya kupaka iliyothibitishwa kufanya hivyo.

2. Usikubali nundu ikandwe kwa nguvu. Kukanda huweza kuzitenganisha ncha ambazo hazijashikana. Kiungo kilichoumia, hasa kiwiko, kikikandwa kwa nguvu, mfupa huweza kuota ndani ya msuli na kukikakamaza.

3. Usitumie dawa za maumivu mfululizo bila ushauri wa mtaalamu. Maumivu yanayofichwa huchelewesha kugundulika kwa mfupa usiounga.

4. Tunza picha zako zote za eksirei. Daktari akilinganisha ya zamani na mpya, hutambua kama ufa unaziba.

Rudi hospitali mapema iwapo nundu inazidi kukua miezi kadhaa baada ya kuvunjika, inauma unapokanyaga au kunyanyua kitu, au unahisi mfupa ukicheza. Rudi pia iwapo vidole vimekufa ganzi, au una homa, usaha au joto mahali hapo. Nundu iliyoota mfupani bila wewe kuvunjika ichunguzwe bila kuchelewa, kwani baadhi ya saratani za mifupa huanza hivyo.

Nundu tulivu isiyouma, ambayo eksirei imeonyesha kuwa mfupa umeunga, haihitaji dawa yoyote. Ukiuziwa bidhaa kwa madai ya kuiondoa, hifadhi kifungashio na risiti, kisha utoe taarifa katika ofisi yetu iliyo karibu nawe.