Kocha ana kibali, wa makipa je?

MBEYA. Shabiki akiingia Sokoine anahesabu kumi na mmoja wa uwanjani, halafu anaangalia kama kocha mkuu yupo. Akimwona kasimama kwenye mstari, roho kwatu. Wale waliokaa nyuma yake, kocha wa makipa, wa viungo, mchua misuli, mchambuzi wa video, hakuna anayewahesabu mpaka siku kipa anapofungwa bao la kizembe na mtu mmoja anapiga kelele: "Huyu nani anamfundisha?"

Jibu linaweza kuwa: anayemfundisha yuko jukwaani, karatasi zake bado.

Kwa taratibu za soka letu, mgeni hakai benchi mpaka awe na kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Wengi wanavichanganya, lakini ni vitu viwili. Cha kazi anatoa Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Cha ukaazi kinatoka Uhamiaji. Na sheria hiyo haijui kitu kinaitwa benchi la ufundi. Inamjua mtu mmoja, mwajiri mmoja, nafasi moja. Kocha mkuu akija na wasaidizi wanne, hayo ni majalada matano, vyeti vya watu watano na malipo ya watu watano.

Marekani wamelitazama kwa jicho jingine. Mwanamichezo wa kimataifa anaomba viza ya P-1, na wasaidizi wake wa lazima wana ya kwao, P-1S. Msaidizi anapimwa kwa swali moja gumu: kazi yake ni sehemu ya kazi ya nyota huyo kiasi kwamba Mmarekani hawezi kuishika kirahisi? Akipita, anaingia kwa mgongo wa nyota. Nyota akikosa sifa, naye safari imekufa.

Mbeya inayajua maisha ya kuwa na kocha mgeni. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, ilimchukua Kinnah Phiri mwaka 2016. Huyo si jina dogo. Ndiye aliyekuwa na Malawi kule Angola kwenye AFCON ya 2010 walipoichapa Algeria 3-0. Baada yake akaja Mrundi, Ramadhan Nswanzurimo, na baadaye Mganda, Mathias Lule.

Hapo ndipo jiografia inapochekesha. Kutoka Mbeya mpaka Kasumulu ni safari ya saa chache, na ng'ambo ya Mto Songwe kuna watu wanaoelewana lugha na Wanyakyusa wa Kyela bila mkalimani. Lakini Malawi haimo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi imo tangu 2007, Uganda ni mwanzilishi. Kwa hiyo jirani wa Karonga, kwenye karatasi, ni mgeni kuliko mtu wa Bujumbura. Hata kwa hao wa Jumuiya mambo si mteremko: Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, Kenya, Uganda na Rwanda zikafutiana ada za vibali vya kazi, lakini anayekuja Tanzania bado anaomba kibali.

Kwa Simba na Yanga, hilo ni suala la ofisi kufanya kazi yake. Fadlu Davids alipotua Msimbazi 2024 alishuka na kikosi kizima cha Waafrika Kusini, akiwemo Darian Wilken kama msaidizi na Wayne Sandilands wa makipa. Septemba 2025 Fadlu akaenda Raja Casablanca, na benchi likaanza kusukwa upya, majalada mapya juu.

Klabu ya mkoani haina ubavu huo. Ikiwa na fedha za kibali cha mtu mmoja, anakatiwa kocha mkuu. Kocha aliyezoea kufanya kazi na mtu wake wa viungo anaambiwa atumie aliyepo. Na kibali kinafungwa na mwajiri. Kocha wa makipa akitimuliwa klabu moja Januari, hawezi kuvuka barabara akakaa benchi la klabu nyingine wiki ijayo. Mwajiri mpya anaanza upya, na ligi haimsubiri.

Upande wa pili nao una hoja, na si ndogo. Sheria ile ile inamtaka mwajiri aonyeshe mpango wa kumrithisha mzawa ujuzi wa huyo mgeni. Kwa mwenye duka la vipuri inaeleweka. Kwa klabu, swali ni nani anasimama pembeni ya kocha wa makipa kila asubuhi akiandika kwenye daftari. Mara nyingi hayupo, au ni mchezaji mstaafu aliyepewa koni azipange.

Na wazawa wanaweza. Msimu wa 2013/14, Wana Koma Kumwanya walipanda daraja na kumaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, Simba akiwa chini yao, kocha akiwa Juma Mwambusi. Ndiye Yanga ilimfuata baadaye akamsaidie Mholanzi Hans van der Pluijm. Yeye hakuhitaji muhuri wa Uhamiaji, nauli ya basi ilimtosha.